Atenololi: namna ya kuimeza kila siku, na kwa nini haiachwi ghafla

Dawa ya presha ninayoulizwa zaidi hapa mtaani kwetu Tanga ni atenololi. Kwenye pakiti utakuta imeandikwa atenolol, na pembeni yake namba: 25, 50 au 100, yaani miligramu zilizomo kwenye kidonge kimoja. Ni dawa ya zamani, imekuwa sokoni tangu miaka ya 1970, na bei yake ni nafuu. Kwa sababu hizo mbili watu wameizoea kupita kiasi. Mtu anaiazima kwa jirani, anaiacha akisafiri, anairudia siku kichwa kikimuuma. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi kliniki ya presha na sukari, kisha wodi ya wanaume, na huko wodini ndiko nilikoona yanayompata mtu anayekatisha kidonge hiki ghafla. Ninachoandika hapa ni kile ninachowaeleza watu wanaoniletea mifuko yao ya dawa nyumbani. Hakichukui nafasi ya daktari wako, kwa sababu yeye ndiye anayejua figo zako, moyo wako na dawa nyingine unazotumia.

Kwanza ujue kinafanya nini. Mtu akishtuka, akikimbia au akikasirika, mwili humwaga adrenalini, na moyo huipokea taarifa hiyo kupitia vipokezi vidogo vilivyo kwenye misuli yake. Atenololi hukaa kwenye vipokezi hivyo na kuzuia sehemu kubwa ya taarifa isipite. Moyo unapiga polepole zaidi, kwa nguvu ndogo zaidi, na unahitaji oksijeni kidogo. Ndiyo maana hupewa mwenye presha, lakini pia mwenye kifua kinachobana akipanda ngazi, aliyepata mshtuko wa moyo, na yule ambaye moyo wake huenda mbio bila mpangilio. Kundi hili la dawa lilianzishwa na daktari wa Kiskoti, James Black, miaka ya 1960, alipotengeneza propranololi kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kubana. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel. Ndugu wengine wa atenololi utawajua kwa mwisho wa majina yao kwenye pakiti: bisoprolol, metoprolol, carvedilol, propranolol.

Sasa jambo lenyewe.

Vipokezi vya moyo vikizibwa kwa wiki na miezi, mwili huongeza vingine, na vilivyopo huwa vyepesi zaidi kuitikia. Ukiendelea kumeza, huoni tofauti yoyote. Ukiacha siku moja kwa ghafla, dawa inaisha mwilini ndani ya siku mbili hivi, halafu adrenalini yako ya kawaida inakuta moyo wenye vipokezi vingi visivyo na kizuizi. Mapigo yanapanda, presha inapanda, na kwa mtu ambaye mishipa ya moyo imeshaanza kuziba, kifua kinaweza kubana hadi kufikia mshtuko wa moyo. Hatari hii ni kubwa zaidi siku za mwanzo hadi wiki mbili baada ya kuacha. Inaweza kumpata hata mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo, kwa sababu mishipa inaweza kuziba taratibu bila mwenyewe kujua.

Nilimuuguza dereva mmoja wa malori aliyekuwa ametumia dawa hii kwa muda mrefu, na presha yake ilikuwa imetulia. Alipata msiba upande wa mkewe, akapanda basi kwenda Lushoto, na dawa zikabaki kabatini. Huko alibeba, alichimba, alikesha. Alirudishwa akiwa na kifua kinachobana na mapigo yanayokimbia. Alipopata nafuu akaniambia, "Dada, mimi nilijua nimepona, mbona kipimo cha mwisho kilikuwa kizuri?" Nikamjibu, "Kaka, kile kipimo kilikuwa kizuri kwa sababu ulikuwa umemeza." Nimelirudia jibu hilo kwa watu wengi tangu siku ile, maana wagonjwa wengi hufikiri kama alivyofikiri yeye. Kipimo kikiwa 128/80, mtu anakiona kama cheti cha kumaliza dawa.

Kama unataka kuiacha kwa sababu yoyote ile, iwe uchovu, gharama, au umechoka tu kumeza, mwambie daktari. Kuna utaratibu wa kuipunguza hatua kwa hatua, kwa kawaida wiki moja hadi mbili au zaidi, na katika kipindi hicho unatakiwa kupunguza kazi nzito. Usijipangie mwenyewe kwa kuruka siku moja moja, leo umeze kesho usimeze. Kuruka siku ni kuacha na kuanza tena kila mara.

Na ukitaka kumuuliza daktari kama bado inakufaa, muulize, ni swali la haki. Zamani atenololi ilikuwa dawa ya kwanza kwa karibu kila mwenye presha. Leo mambo yamebadilika. Mwaka 2002 utafiti ulioitwa LIFE ulionyesha kuwa waliotumia losatani walipata kiharusi mara chache kuliko waliotumia atenololi, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linaweka mbele makundi mengine kwa mwenye presha tupu isiyo na ugonjwa mwingine: vidonge vya kupunguza maji vya aina ya hydrochlorothiazide, kundi la losatani na enalaprili, na kundi la amlodipini. Kwetu Waafrika kuna sababu nyingine pia. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake ulishusha presha vizuri kuliko ule usiokuwa nayo. Kwa hiyo mwenye presha peke yake anaweza kubadilishiwa. Mwenye kifua kubana, au moyo kwenda mbio, au aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, huenda anaihitaji hasa hii. Swali liulizwe huku vidonge vikiendelea kumezwa.

Kumeza

Kwa kawaida ni mara moja kwa siku, na kwenye bahasha ya dawa utaona wameandika 1x1. Chagua saa moja ya siku ishikamane na jambo ambalo hulikosi. Mimi huwapa watu saa moja asubuhi, baada ya kupiga mswaki na kabla ya chai. Kinamezwa na chakula au bila chakula, hakuna shida, ili mradi usibadilishe kila siku. Kama umeambiwa nusu kidonge, tumia kidonge chenye mstari katikati na ukikate kwa kisu kikali, kisha nusu iliyobaki uimeze kesho yake, usiikusanye kwenye kichupa hadi iwe unga.

Nguvu yake kamili kwenye presha huonekana baada ya wiki moja hadi mbili. Ukipima siku ya tatu ukakuta bado 160, usijiongezee.

Kimeze kwa maji. Nasisitiza maji kwa sababu huku kwetu machungwa ya Muheza yakianza msimu, kila nyumba ina jagi la juisi mezani, na mtu humezea dawa kwa juisi hiyo akiamini anajiongezea afya. Juisi ya machungwa huzuia atenololi isiingie vizuri kutoka kwenye utumbo. Watu waliojitolea kufanyiwa majaribio walikunywa juisi mara tatu kwa siku kwa siku kadhaa, na kiasi cha dawa kilichoingia kwenye damu kilipungua kwa asilimia 40 hivi. Juisi ya tufaha nayo hufanya hivyo. Hii haimaanishi uache machungwa, maana tunda ni zuri kwa mwenye presha. Meza kidonge kwa maji asubuhi, na juisi iwe mchana. Dawa za kiungulia zile za kutafuna na zile nyeupe za kunywa, zenye aluminiamu au kalsiamu, nazo hupunguza kuingia kwake, kwa hiyo ziachanishe na kidonge kwa muda wa saa mbili au zaidi.

Umesahau? Ukikumbuka siku ileile, meza. Kama muda uliobaki kufikia kidonge kinachofuata ni chini ya saa 8, kiache na uendelee na cha zamu yake. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Viwili kwa mpigo vinaweza kushusha mapigo na presha hadi mtu aanguke chooni.

Jambo ambalo watu hawalitarajii ni vidonge vya mchanganyiko. Kuna vidonge ambavyo ndani yake mna atenololi na amlodipini pamoja, au atenololi na dawa ya kupunguza maji, na jina kubwa la mbele ya pakiti halikuambii hivyo. Mtu anaandikiwa hicho hospitali moja, huku nyumbani ana atenololi ya hospitali nyingine, anameza zote. Geuza pakiti, soma maandishi madogo, au mwambie mfamasia akusomee. Weka dawa zote za nyumba nzima mezani mara moja uone kama jina hilo limejirudia.

Kupima mapigo

Hili ndilo ninalolifundisha kwa muda mrefu kuliko yote, kwa sababu presha ikipimwa peke yake haitoshi kwa mtu wa atenololi. Kaa kitini dakika tano, usiwe umetoka kufua wala kupanda ngazi. Geuza kiganja cha mkono wa kushoto kitazame juu. Weka vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, chini kidogo ya pale kiganja kinapoanzia. Usitumie dole gumba kuhisi, lina mapigo yake na litakudanganya. Bonyeza taratibu mpaka uhisi yanagonga. Tazama saa yenye mshale wa sekunde, au saa ya simu, uhesabu dakika nzima. Wengine huhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Kwa moyo wenye mpangilio njia hiyo inakubalika, lakini moyo unaoruka hauhesabiki hivyo.

Andika. Daftari la shule linatosha: tarehe, saa, mapigo, presha kama una mashine, na neno moja kama "kizunguzungu" au "mzima". Mtu wa atenololi kuwa na mapigo 55 au 60 akiwa amepumzika ni jambo la kawaida, na kwa mwenye kifua kubana daktari anaweza hata kulitaka. Yakiwa chini ya 50 nawe hujisikii vibaya, usimeze cha siku hiyo kabla hujaongea na kliniki. Yakiwa chini ya 50 na una kizunguzungu, macho yanaingia giza, unapumua kwa shida au umezimia, hiyo ni safari ya hospitali muda uleule, na asikuendeshe mtu kwa pikipiki ukiwa nyuma, maana unaweza kuanguka.

Mashine ya kielektroniki ya presha huonyesha mapigo pia, karibu na alama ya moyo. Ukipima presha, keti ukiegemea kiti, miguu yote sakafuni bila kupishanisha, mkono juu ya meza usawa wa kifua, mkanda kwenye ngozi na sio juu ya shati, kibofu kiwe kitupu, usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa, na usiongee. Pima mara mbili ukipumzika dakika moja katikati. Watu wengi lengo lao ni kuwa chini ya 140/90, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo tayari namba ya juu hutakiwa iwe chini ya 130. Lengo lako wewe muulize daktari, uliandike kwenye jalada la daftari.

Wanaotakiwa kusema mapema

Mwenye pumu. Atenololi huelekea zaidi moyoni, lakini haiachi mapafu kabisa, na inaweza kubana njia za hewa na kuifanya dawa ya kuvuta isifanye kazi kama ilivyozoea. Hata kama pumu yako ilikuwa ya utotoni, itaje. Propranololi ni mbaya zaidi kwa mtu wa pumu, kwa hiyo aliyepewa atenololi asikubali kubadilishiwa dirishani kwa sababu "ni kundi moja". Na miligramu hazilingani: bisoprolol kwa kawaida inaanzia 2.5, 5 hadi 10, wakati atenololi inaanzia 25. Anayebadilisha dawa ni aliyekuandikia.

Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi. Sukari ikishuka, mwili humwonya kwa kutetemeka na moyo kwenda mbio. Atenololi huficha dalili hizo mbili. Jasho haifichi. Nawaambia wagonjwa wangu: ukijikuta umelowa shingo na mgongo bila kazi, njaa ya ghafla, au maneno yanakupotea, kunywa maji ya sukari au soda yenye sukari kwanza, kisha pima. Mweleze na anayelala chumba kimoja nawe, kwa sababu usiku ndiye atakayegusa shuka iliyoloa.

Mwanamke anayetarajia kupata mimba. Atenololi ikitumika wakati wa ujauzito inaweza kumfanya mtoto asikue vizuri tumboni, na kwenye maziwa ya mama hupita kwa kiasi cha kutosha kupunguza mapigo ya mtoto mchanga. Kwa wajawazito kuna dawa zinazotumika zaidi, kama methyldopa, nifedipini ya muda mrefu na labetalol. Binti yangu, mwambie daktari siku unapoanza kufikiria mtoto, usingoje mimba itimie miezi mitatu. Lakini hata wewe usiiache ghafla siku kipimo kikionyesha una mimba. Nenda kliniki kesho yake.

Mwenye figo. Atenololi haivunjwivunjwi sana na ini, inatoka mwilini kupitia mkojo karibu kama ilivyoingia. Figo zikichoka, inajikusanya, na kidonge kilekile cha miaka yote kinaanza kuwa kingi. Mzee ambaye mapigo yake yamekuwa 60 muda mrefu, sasa yamefika 46 na hajabadilisha chochote, apimwe figo. Kipimo cha kreatinini kifanyike angalau mara moja kwa mwaka.

Wazee wenye presha ya macho. Matone ya timolol ni ndugu wa dawa hii na huingia kwenye damu kupitia jicho na pua. Mwambie daktari wa macho kwamba unameza atenololi, na wa moyo kwamba unatia matone. Mara nyingi hawajuani.

Na verapamili, dawa nyingine ya moyo. Hiyo na atenololi pamoja zinaweza kusimamisha moyo. Diltiazemu pia inahitaji uangalizi. Ukiona jina mojawapo kwenye cheti kipya, uliza kwa sauti kabla hujalipa.

Dawa za maumivu

Hapa ndipo juhudi za kliniki nyingi zinapoharibika. Mtu anameza atenololi kwa uaminifu, halafu kwa ajili ya mgongo na magoti anatumia diklofenaki kila siku, kwa sababu inauzwa kila kona. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupandisha presha, na huumiza figo, hasa kwa anayetumia pia losatani na dawa ya kupunguza maji. Daktari anaona presha imekataa kushuka, anaongeza kidonge cha pili, cha tatu, na chanzo kipo mfukoni. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi, bila kuzidi kipimo kilichoandikwa. Dawa nyingi za mafua zinazofungua pua nazo hupandisha presha. Muulize muuzaji: "Hii inamfaa mwenye presha?" Kama hajui, nenda kwa anayejua. Aspirini ndogo ya miligramu 75 aliyokuandikia daktari kwa ajili ya moyo ni jambo jingine, hiyo usiiache kwa sababu umesoma maneno haya. Kwa ndugu zetu wa Mombasa na Tana River, miraa na muguka hupandisha mapigo na presha, na daktari anapaswa kuambiwa ukweli.

Mambo ambayo wanaume hawayasemi

Atenololi inaweza kuleta uchovu, hasa wiki za mwanzo, vidole kuwa vya baridi, na usingizi kubadilika. Inaweza pia kupunguza nguvu za kiume, ingawa presha yenyewe na sukari ndizo huharibu zaidi. Wanaume wengi walioacha dawa kimya kimya waliiacha kwa sababu hii, na mke ndiye aliyekuja kuniambia. Baba, lisemwe. Kuna dawa nyingine za presha ambazo hazina tabia hiyo, na kubadilishiwa ni jambo la mazungumzo mafupi tu. Kinachotisha ni kununua vidonge vya nguvu mtaani: kama umewahi kupewa dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya kifua, vidonge hivyo vikikutana nayo presha inaweza kushuka hadi kuua.

Kizunguzungu cha kuinuka ghafla kinatibika kwa utaratibu: kaa ukingoni mwa kitanda kwanza, chezesha miguu, kisha simama. Anayesali na kupata kizunguzungu akiinuka kutoka kwenye sujudu, asali amekaa kwa siku hizo mpaka apimwe.

Mwezi wa Ramadhani

Muone daktari katika Shaabani, usingoje mwezi uandame. Mwenye atenololi ya mara moja kwa siku ana nafasi nzuri ya kufunga akiruhusiwa, lakini ahesabu saa. Aliyezoea kumeza saa moja asubuhi, daku ndiyo iliyo karibu na saa yake. Anakisogeza kwa saa mbili au tatu tu. Akiamua kuhamia futari bila mpango, anameza asubuhi ya siku ya mwisho ya Shaabani na cha pili jioni ya siku ya kwanza ya kufunga, hapo katikati pamepita saa 36 hivi bila dawa. Ndiyo kuacha ghafla kwenyewe, hata kama hakukusudia. Daktari akipenda uimeze jioni, atakuonyesha jinsi ya kuvuka. Na pale kwenye futari, kidonge kiende na maji, juisi ya machungwa isubiri. Anayetumia pia dawa ya kupunguza maji azungumzie hiyo hasa, joto la Tanga si la mchezo. Ukianza kuona giza mchana, au kifua kinabana, fungua.

Kununua, kutunza, kusafiri

Nunua kwenye famasia, kwa cheti. Ukiuziwa vidonge vya kukatwa, hakikisha kwenye kipande chako jina, miligramu na tarehe ya kuisha vinasomeka. Kama vimebaki kwenye kipande kingine, viandikwe kwenye bahasha mbele yako. Viache kwenye karatasi yake mpaka saa ya kumeza. Usiviweke jikoni juu ya jiko wala bafuni, mvuke huviharibu; kabati la chumbani, mahali pakavu, panatosha. Vikibaki vya wiki moja, ndiyo siku ya kwenda kutafuta vingine, maana famasia inaweza kuwa imeishiwa na bima inaweza kuchelewesha.

Ukisafiri, beba vya safari nzima na vya wiki moja zaidi, na vikae kwenye mkoba wa mkononi. Begi la kwenye buti la basi linaweza kushuka Segera wewe ukashukia Chalinze. Piga picha ya cheti na ya pakiti kwa simu. Ukikwama ugenini bila dawa, nenda hospitali yoyote iliyo karibu siku hiyohiyo na uonyeshe picha hiyo.

Kwa daktari wa meno na kwa upasuaji, sema mapema kwamba unatumia atenololi. Watu hudhani kufunga kula kabla ya upasuaji ni pamoja na kuacha dawa ya moyo. Mara nyingi daktari wa usingizi hutaka uimeze asubuhi hiyohiyo kwa funda moja la maji. Muulize yeye, jibu lake uliandike.

Watoto. Kidonge ni kidogo na cheupe, kinafanana na pipi za dukani. Viweke juu na vifungwe. Mtoto akimeza hata kimoja, au mtu mzima akameza vingi, usimtapishe na usimpe maziwa ukisubiri uone. Chukua pakiti iliyobaki, hesabu vilivyopungua, mpeleke hospitali mara moja hata kama bado anacheza, kwa sababu mapigo yanaweza kuanza kushuka saa kadhaa baadaye. Mpe muuguzi wa mapokezi ile pakiti mkononi, na umtajie saa aliyomeza.